Ruhusa za mtumiaji kwenye kompyuta ya kazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayesimamia kompyuta za ofisi zilizounganishwa kwenye mtandao mmoja, awe fundi wa TEHAMA aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, au yule mfanyakazi ambaye wenzake humwita kila kitu kikigoma. Sehemu kubwa inahusu Windows iliyoungwa kwenye domeni, yaani mtandao ambao akaunti na ruhusa zake husimamiwa kutoka mahali pamoja, maana huko ndiko maswali mengi yanakotoka. Linux na Mac zina jibu lake karibu na mwisho.

Mwenye akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi, anaweza kufanya nini?

Karibu kila kitu ambacho mfanyakazi hukifanya kutwa nzima. Anafungua programu, anaandika, anachapisha, anasoma barua pepe, anahifadhi kazi kwenye folda zake na kwenye folda za idara alizoruhusiwa. Anabadili nenosiri lake mwenyewe. Asichoweza ni kugusa vitu vinavyowahusu wote wanaoitumia mashine hiyo: kuweka programu kwa ajili ya kila mtu, kubadili mafaili ya Windows yenyewe, kuzima kinga ya virusi, kurekebisha saa ya mashine, kufungua folda binafsi za mwenzake, au kujiongezea ruhusa.

Si rahisi zaidi kumpa usimamizi mara moja, usumbufu ukaisha?

Ni rahisi siku hiyo tu. Programu yoyote huendeshwa kwa mamlaka ya aliyeifungua. Mfanyakazi mwenye akaunti ya kawaida akifungua kiambatisho kibaya, kilichomo kinafika pale tu anapofika yeye. Akiwa msimamizi, kinazima kinga, kinajichimbia ndani ya mfumo, na kinaweza kusoma kwenye kumbukumbu ya mashine siri za kuingilia za wengine walioingia humo, pamoja na zako wewe uliyeingia asubuhi kumrekebishia printa.

Haya yameshatokea, na kwa ukubwa wa kutisha. Juni 2017 programu haribifu iliyopewa jina la NotPetya ilianzia kwenye masasisho ya programu ya uhasibu iliyotumika sana Ukraine, kisha ikasambaa ndani ya mitandao ya makampuni kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa udhaifu wa Windows ambao Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake. Ya pili ni hiyo niliyoitaja: ilichota siri za kuingilia kwenye kumbukumbu ya mashine moja, ikazitumia kuingia kwenye nyingine kama msimamizi. Ndiyo maana hata mashine zilizokuwa na viraka vyote zilianguka. Kampuni ya meli ya Maersk ilikuwa miongoni mwa walioathirika vibaya.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa kiwango cha chini kabisa cha mamlaka kinachotosha kuikamilisha kazi yake. Sababu ya kwanza waliyoitoa ni kupunguza madhara ya ajali na makosa. Mweleze hivyo mfanyakazi anayehisi kwamba unamshuku: hakuna anayepima uaminifu wake. Mtu mwaminifu kabisa hubonyeza mahali pasipofaa siku akiwa amechoka.

Mfanyakazi anasema, "Nipe admin." Nianzie wapi?

Muulize alikuwa anafanya nini kompyuta ilipomkatalia, na skrini iliandika nini. Ikiwezekana nenda ukaone kwa macho yako. Hili ndilo jambo ninalolishikilia kuliko yote katika ukurasa huu: nyuma ya karibu kila ombi la usimamizi kuna ombi dogo zaidi, na kazi yako ni kulitafuta hilo dogo.

Anayetaka kuingia kwenye kompyuta yake akiwa nyumbani anahitaji kuwekwa kwenye kundi la Remote Desktop Users la mashine hiyo, na njia salama ya kuufikia mtandao wa ofisi. Anayebadilisha anwani ya mtandao kwa sababu huenda na kompyuta ya mkononi kufanyia vipimo kwenye vifaa vya wateja, anatoshwa na Network Configuration Operators. Anayehitaji kuwasha upya huduma moja iliyoganda, labda ile inayopokea data kutoka kwenye mizani au mashine ya vipimo, anaweza kupewa haki ya kuwasha na kuzima huduma hiyo peke yake kupitia sera za kundi (Group Policy), yaani mipangilio inayotumwa kwenye kompyuta za domeni kutoka mahali pamoja. Mwingine anataka programu moja tu iwekwe: iweke wewe, shughuli iishe.

Mara nyingine utakuta hakuna ruhusa iliyokosekana kabisa. Diski imejaa, faili limefunguliwa na mtu mwingine, au njia ya mkato inaelekea kwenye seva iliyokwisha kuondolewa. Ukimpa usimamizi hapo tatizo halitoki, na mamlaka yanabaki.

Programu yetu ya zamani haifunguki bila usimamizi. Mtengenezaji anasema ndivyo ilivyo.

Mara nyingi sivyo. Programu za zamani ziliandikwa wakati ambapo karibu kila mtumiaji wa Windows XP alikuwa msimamizi, zikazoea kuandika data zao ndani ya folda ya Program Files au katika sehemu ya rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) inayomilikiwa na mashine nzima. Windows Vista ilipoleta udhibiti wa akaunti za watumiaji, UAC, unaoomba idhini kabla programu haijapata mamlaka ya msimamizi, programu hizo zikaanza kugoma. Kinachotakiwa ni kujua hasa zinagomea wapi.

Pakua Process Monitor, chombo cha bure cha Microsoft. Kiwashe ukiwa msimamizi, huku programu yenyewe ikiendeshwa na akaunti ya kawaida. Chuja matokeo ili ubaki na mistari yenye ACCESS DENIED inayotoka kwenye programu hiyo. Usitishwe na wingi wake. Mistari mingine haina madhara, kwani programu hujaribu, hukataliwa, na kuendelea. Unatafuta ile inayojitokeza muda mfupi kabla ya ujumbe wa kosa. Kwa kawaida utakutana na folda moja ya data, faili moja la mipangilio, au ufunguo mmoja wa rejista. Hapo tu ndipo unapofungua, kwa kulipatia kundi la wanaoitumia programu hiyo haki ya kurekebisha, iitwayo Modify kwenye skrini.

Sasa onyo, na tafadhali lisome mara mbili. Usifungue folda nzima ya programu. Ndani yake kuna mafaili yanayoendeshwa, na mtu anayeweza kuandika humo anaweza kubadilisha faili hilo kwa jingine lenye jina lilelile. Siku wewe msimamizi utakapoifungua programu hiyo, utakuwa umeliendesha faili lake kwa mamlaka yako. Ikiwa programu hufanya kazi kama huduma ya mfumo, haitakungoja hata wewe. Data ikiwa imechanganyika na mafaili ya programu, tafuta kwenye mipangilio kama kuna namna ya kuihamishia kwingine, kwa mfano kwenye folda yake ndani ya ProgramData.

Kuna tabia nyingine inayowachanganya watu. Windows ikiona programu ya zamani inajaribu kuandika mahali palipokatazwa, wakati mwingine huielekeza kimyakimya kwenye folda ya VirtualStore ndani ya wasifu wa mtumiaji. Programu inafanya kazi, ila kila mtu anaona data zake mwenyewe na hakuna anayeona za mwenzake. Wafanyakazi wawili wakikuambia orodha zao hazilingani kwenye mashine moja, anza kutazama hapo.

Nimeshampa ruhusa, lakini bado anakataliwa. Kwa nini?

Ametoka na kuingia upya? Windows huandaa orodha ya makundi ya mtu pale anapoingia, na orodha hiyo haibadiliki mpaka atoke. Kufunga skrini kwa nenosiri hakutoshi. Akishaingia tena, fungua dirisha la amri kwenye akaunti yake uandike `whoami /groups`. Kama kundi jipya halimo, tatizo liko kwenye domeni, usiendelee kuhangaika na folda.

Kundi likiwamo na bado anakataliwa, soma jibu linalofuata.

Folda iliyo kwenye seva ina ruhusa mbili, ya kushiriki na ya NTFS. Ipi inatawala?

Ya kushiriki humhusu anayeifikia folda kupitia mtandao; ya NTFS imo kwenye mfumo wa mafaili wa diski yenyewe. Zote mbili huangaliwa, na iliyo kali zaidi ndiyo inayobaki. Ukimpa mtu haki ya kurekebisha kwenye NTFS huku ushiriki unaruhusu kusoma tu, atasoma tu. Mtu huyohuyo akienda kukaa mbele ya seva yenyewe na kufungua folda moja kwa moja, ruhusa ya ushiriki haihusiki tena, NTFS ndiyo inayobaki peke yake.

Kwa hiyo utaratibu wanaoufuata mafundi wengi, nami nakubaliana nao, ni kuuacha ushiriki uwe mpana kiasi, kwa kuwapa watumiaji wote waliothibitishwa ngazi ya Change, kisha kuweka mipaka ya kweli kwenye NTFS. Hivyo unakuwa na mahali pamoja pa kutazama mambo yanapokwama. Ngazi ya Full Control usiitoe kwa watumiaji, kwa sababu inamruhusu mtu kubadili ruhusa zenyewe. Wiki moja ikipita, folda ya mishahara inaweza kuwa wazi kwa kila mtu kwa kuwa mmoja alitaka kumsaidia mwenzake.

Kuhusu kukataza, mpangilio wa Windows ni huu: katazo lililoandikwa kwenye folda yenyewe lina nguvu kuliko yote, likifuatwa na ruhusa iliyoandikwa hapohapo, kisha katazo lililorithiwa kutoka juu, na mwisho ruhusa iliyorithiwa. Tumia katazo kwa uchache mno. Mtu anaweza kuwa kwenye makundi matano, na katazo la kundi moja likamfungia mlango uliofunguliwa na mengine manne, bila yeyote kukumbuka liliwekwa lini. Kutompa mtu ruhusa kunatosha kabisa kumzuia.

Jambo jingine dogo linalopoteza muda wa watu: faili likinakiliwa hurithi ruhusa za folda linapokwenda, lakini likihamishwa ndani ya diski ileile hubaki na ruhusa zake za zamani. Ripoti iliyohamishwa kutoka folda ya siri ya meneja kwenda folda ya wote inaweza isifunguke kwa mtu mwingine yeyote. Kuona hali halisi bila kukisia, nenda kwenye sifa za folda, sehemu ya usalama, kisha mipangilio ya juu, na ufungue kichupo cha Effective Access. Andika jina la mtu na Windows itakuonyesha anachoweza kufanya.

Niandike jina la mtu kwenye folda, au la kundi?

Kundi, hata kama leo lina mtu mmoja. Watu huhama idara, folda hubaki palepale. Lipe kundi jina linalojieleza, lenye kutaja folda na ngazi, mfano Mauzo-Kusoma na Mauzo-Kurekebisha. Anayekuja baada yako ataelewa bila kukupigia simu.

Je, mtu anaweza kuwa msimamizi wa kompyuta moja tu?

Anaweza, na hii ndiyo njia ya kufuata pale usimamizi unapohitajika kweli, kwa mfano kwa mwandishi wa programu. Akaunti yake ya domeni inawekwa kwenye kundi la Administrators la mashine hiyo moja. Kwingine kote anabaki mtumiaji wa kawaida. Kama mashine ni nyingi, fanya hivyo kwa sera za kundi badala ya kuzunguka moja moja. Ila uwe mwangalifu na sera ya Restricted Groups: ukitaja orodha ya wanachama, wote ambao hawamo huondolewa, na unaweza kujitoa wewe mwenyewe.

Usimweke mtu kwenye Domain Admins ili atatue tatizo la mashine moja. Kundi hilo huingizwa moja kwa moja kwenye wasimamizi wa kila kompyuta inayojiunga na domeni.

Makundi ya katikati kama Power Users na Backup Operators yanafaa?

Power Users lilikuwa na maana hadi enzi za XP. Tangu Vista halina nguvu kuzidi mtumiaji wa kawaida, limebaki kwa ajili ya programu za zamani. Backup Operators ni jambo jingine: jina lake linasikika pole, lakini wanachama wake wanaweza kusoma faili lolote kwenye mashine bila kujali ruhusa zilizowekwa, kwani ndivyo nakala rudufu zinavyochukuliwa. Mchukulie mwanachama wake kama msimamizi.

Kwa nini wafanyakazi hawawezi tena kujiwekea printa ya ofisi?

Kwa sababu ya PrintNightmare, udhaifu wa huduma ya uchapishaji uliojulikana katikati ya mwaka 2021. Draiva ya printa, programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana nayo, huendeshwa kwa mamlaka makubwa, na ikaonekana kwamba mtumiaji wa kawaida angeweza kuingiza draiva yenye sumu. Kuanzia masasisho ya Agosti 2021, kuweka draiva kutoka seva ya uchapishaji kunahitaji msimamizi. Suluhisho ni kuziweka draiva mapema kwenye mashine zote wewe mwenyewe. Mtumiaji akija kuunganisha printa, draiva anaikuta tayari. Kuna watu wanaoshauri kurudisha tabia ya zamani kwa kubadili rejista. Usifanye hivyo.

Dirisha la UAC likiomba nenosiri, niandike langu kwenye mashine ya mtumiaji?

La akaunti kuu ya domeni, kamwe. Kama mashine hiyo tayari ina programu inayochungulia, umeikabidhi mtandao wote. Tumia akaunti ya usimamizi ya mashine hiyo pekee, na hapo ndipo linapokuja suala la nenosiri lake. Ofisi nyingi huweka nenosiri moja la msimamizi kwenye kompyuta zote kwa urahisi wa kukumbuka. Anayelipata kwenye mashine ya mapokezi amelipata la mashine ya mkurugenzi wa fedha.

Microsoft ilitoa LAPS mwaka 2015 kwa ajili ya tatizo hili, na tangu masasisho ya Aprili 2023 imo ndani ya Windows yenyewe. Kila kompyuta hujitungia nenosiri lake la usimamizi, hulihifadhi kwenye Active Directory (hifadhidata ya akaunti za domeni), na kulibadilisha kila baada ya siku 30 usipopanga vingine. Wewe unachagua ni kundi gani linaloruhusiwa kulisoma. Ikiwa bado hujaiwasha, iwashe kabla ya kazi nyingine yoyote iliyotajwa humu.

Pia pekua sera zenu za zamani. Zamani iliwezekana kusambaza manenosiri kupitia mapendeleo ya sera za kundi, yakahifadhiwa kwenye folda ambayo kila mtumiaji wa domeni anaweza kuisoma, yakiwa yamefichwa kwa ufunguo ambao Microsoft yenyewe iliuchapisha. Mei 2014 njia hiyo ilifungwa, lakini mafaili yaliyokuwapo hayakufutwa.

Bosi anasisitiza apewe usimamizi. Nimjibuje?

Kwa heshima, na kwa kumpa kitu. Mfungulie akaunti mbili: ya kawaida kwa barua pepe na kazi za kila siku, na ya pili ya usimamizi wa mashine yake tu, ya kuandika pale dirisha la UAC linapotokea. Mweleze kwamba akaunti yake ndiyo inayowindwa zaidi, kwa kuwa ndiyo inayofika kwenye mikataba na fedha. Na wewe fundi ufuate utaratibu huohuo. Usisome barua pepe ukiwa na akaunti ya usimamizi.

Ninaweza kutoa ruhusa ya muda?

Ndiyo. Kwenye domeni ambayo msitu wake (forest, yaani mkusanyiko wa domeni) una ngazi ya Windows Server 2016 au zaidi, unaweza kumwingiza mtu kwenye kundi kwa muda uliowekwa, na muda ukiisha anatoka mwenyewe. Kipengele hiki huwashwa kwanza, na kikishawashwa hakizimiki. Usipokuwa nacho, andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda wakati uleule unapotoa ruhusa.

Akaunti za kawaida zinazuia virusi vyote?

Hapana. Programu inayoteka mafaili na kudai fidia haihitaji usimamizi. Inafunga kila faili ambalo mtumiaji mwenyewe anaweza kuliandika, pamoja na yale ya folda za pamoja kwenye seva. Ndiyo maana ruhusa za folda zina uzito sawa na aina ya akaunti: anayehitaji kusoma tu apewe kusoma tu. Nakala rudufu nazo zikae mahali ambapo hakuna akaunti ya mfanyakazi inayoweza kuandika. Programu nyingine hujiweka ndani ya wasifu wa mtumiaji bila kuomba ruhusa yoyote, na hizo huzuiwa kwa AppLocker (kipengele cha Windows cha kuchagua programu zinazoruhusiwa kuendeshwa) au vidhibiti vinavyofanana nayo.

Na kwenye Linux au Mac?

Kwenye Linux, `sudo`, amri ya kuendesha amri nyingine kwa mamlaka ya msimamizi, inaweza kumruhusu mtu amri moja tu badala ya zote. Hariri faili la sudoers, lenye ruhusa hizo, kwa `visudo`, kwa sababu hukagua makosa kabla ya kuhifadhi. Faili likiharibika unaweza kupoteza njia yako ya usimamizi. Angalia amri unayoiruhusu: kihariri cha maandishi kama vi kinaweza kufungua ganda la amri kutoka ndani yake, kwa hiyo kumruhusu mtu vi kwa `sudo` ni kumpa mashine yote. Kuwekwa kwenye kundi la docker, programu inayoendesha programu nyingine ndani ya makasha yaliyotengwa, kuna matokeo yaleyale. Unapomwongeza mtu kwenye kundi kwa `usermod -G`, usisahau kuweka `-a`, la sivyo atatolewa kwenye makundi yake mengine.

Kwenye Mac, mpe akaunti ya kawaida; kama shida ni printa, kundi la `_lpadmin` linamtosha.

Nitajuaje nani ana usimamizi sasa hivi?

Kwenye mashine moja andika `net localgroup Administrators`. Fanya hivyo kwa mashine zote kwa skripti, na uwe tayari kukuta majina ambayo hakuna anayekumbuka sababu yake. Kisha fuatilia kumbukumbu za usalama: tukio 4732 hurekodi mtu anapoongezwa kwenye kundi la mashine, na 4728 kwenye kundi la domeni la aina ya global, kama Domain Admins. Ukiona mojawapo na hakuna fundi anayelikiri, itenge mashine hiyo na mtandao kabla hujaanza kuulizana.

Mfanyakazi akiondoka nifute akaunti yake?

Izime kwanza, usiifute. Windows humtambua mtu kwa namba ya utambulisho na si kwa jina, kwa hiyo ukifuta kisha ukatengeneza akaunti nyingine kwa jina lilelile, haitakuwa na ruhusa yoyote ya ile ya kwanza, na kwenye folda itabaki mistari ya namba ndefu isiyo na mwenyewe. Mtoe kwenye makundi yote, badilisha manenosiri ya pamoja aliyoyafahamu, na kabla ya kuizima tazama kama kuna huduma au kazi zilizopangwa zinazoendeshwa kwa jina lake. Zikiwapo, zihamishie kwenye akaunti ya huduma, la sivyo nakala rudufu za usiku zinaweza kusimama bila mtu kujua.